Nimekariri maneno mia sita ya sanaa, lakini nyuma ya pazia nababaika

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Malindi, nina miaka 27. Mama aliolewa na Mwitaliano nikiwa na miaka saba, tukahamia kaskazini mwa Italia, karibu na Verona. Shule yote nimesomea huku. Kiswahili sikukipoteza kwa sababu Mama alikataa katakata tuzungumze lugha nyingine nyumbani, na kwa sababu ya bibi yangu wa Malindi ambaye kila Jumapili lazima nimpigie simu. Lakini nikihesabu, nikiota au nikikasirika, ni Kiitaliano kinachonijia.

Kazi yangu ni maleba. Nilisomea ushonaji, kisha nikaingia kwenye kumbi za opera kama "sarta di scena". Ndiye yule anayekaa gizani pembeni mwa jukwaa, akiwavalisha waimbaji na kuwabadilisha nguo mbiombio huku muziki ukiendelea. Kazi hii naipenda, na bila kujisifu, naiweza.

Sasa nimepata mkataba na kampuni ndogo ya opera inayozunguka miji ya Ireland. Pasipoti yangu ni ya Italia, kwa hiyo viza si tatizo. Tatizo ni Kiingereza. Cha shule ninacho: gazeti nasoma, dukani najieleza, watu wakinipigia hadithi nafuata. Nikajiambia kilichobaki ni msamiati wa fani. Nikatafuta orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya Waitaliano, ya burudani na sanaa, maneno kama mia sita, Kiitaliano upande huu na Kiingereza upande ule. Uchoraji, sinema, muziki, televisheni, densi, vyote vimo. Nimekariri yote. Mdogo wangu akinihoji sikosei.

Kisha ukumbi mmoja ninaofanyia kazi ukapokea kikundi kutoka Uingereza, nikaona sasa ndiyo nafasi ya kujipima. Onyesho lilianza saa moja na nusu usiku. Msimamizi wa jukwaa akatangaza kwenye spika za vyumba vya kuvalia kwamba zimebaki dakika tano. Nikatazama saa ya ukutani: saa moja na dakika ishirini. Nikajua kakosea, zimebaki kumi. Nikaendelea kufunga kamba za korseti kwa utulivu, moja baada ya moja. Nikiwa katikati ya mgongo, mwimbaji akaitwa jukwaani. Alitoka nusu amefungwa, akashikiliwa kwa pini. Mkuu wao wa maleba aliniuliza mbele za watu kama huwa natazama saa.

Siku iliyofuata mwimbaji huyo huyo akaniomba "slip". Nikamletea chupi safi. Aliniangalia mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Na kwenye usaili wa video na hao wa Ireland, niliulizwa nimewahi kumhudumia nani. Nikasimulia jinsi "director" mmoja alivyonitaka nipunguze mikono ya koti lake refu la mkia kwa sababu lilikuwa likimbana akiinua mikono mbele ya okestra. Wakatazamana. Sikuelewa kwa nini mpaka usiku nikiwa kitandani.

Kazi wamenipa hata hivyo. Naondoka baada ya wiki sita. Nimepata orodha nyingine ya maneno elfu moja, je, niikariri? Mfanyakazi mwenzangu ananiambia niache kwanza Kiswahili, eti lugha tatu zinagombana kichwani. Na je, niwaambie waajiri wangu kwamba Kiingereza cha jukwaani sina, au nikae kimya nijifunze polepole nikiwa kule? Naogopa wakijua watajuta kuniajiri.

Mshonaji wa gizani, Verona

---

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mkataba.

Orodha zote mbili ziweke kabatini. Tazama vizuri yaliyokupata: hakuna hata moja lililotokana na neno usilolijua. "Five" unalijua tangu utotoni. "Director" ni neno ambalo orodha ya aina hiyo haiwezi kulikosa. "Slip" unalitumia kila siku ukiwa Italia. Umeangushwa na maneno unayoyafahamu, na orodha ya safu mbili haina dawa ya hilo, kwa sababu inakuaminisha kwamba kila neno la Kiitaliano lina pacha wake wa Kiingereza anayelingana naye mabega.

Nianze na zile dakika tano, maana zimekuumiza bure. Saa ya ukutani ilikuwa sawa na msimamizi naye alikuwa sawa. Katika kumbi za Uingereza, na desturi hiyo utaikuta Ireland, muda hauhesabiwi hadi pazia linapofunguliwa. Unahesabiwa hadi wasanii wa mwanzo wanapoitwa kushika nafasi zao jukwaani, na hao huitwa dakika tano kabla ya pazia. Mwito huo ndio "beginners". Kwenye kitabu chako cha shule neno hilo lilimaanisha wanafunzi wa daraja la kwanza. Kule ni wale wanaofungua onyesho, sawa na kelele za huko kwenu za "chi è di scena". Basi kwa onyesho la saa moja na nusu usiku, hesabu inakwenda hivi: "the half" inatangazwa saa moja kasoro dakika tano, yaani dakika 35 kabla ya pazia. "The quarter" ni saa moja na dakika kumi. "The five" ni saa moja na ishirini. "Beginners" ni saa moja na dakika ishirini na tano. Kampuni ya Kimarekani ikikuajiri siku moja, jihadhari: wao nusu saa yao ni dakika 30 kamili hadi pazia, na mwito wa mwisho wanasema "places".

Hili usilikariri kama msamiati. Bibi yako akikwambia uende kwake saa moja asubuhi, hujawahi kufika adhuhuri ukidai ulielewa "l'una" ya Kiitaliano, yaani saa saba ya kwetu. Unajua tangu hujaota meno ya ukubwani kwamba mchana ni ule ule, ila watu wameanza kuhesabu mahali tofauti. Waitaliano wengi wakifika kule hulijua hilo baada ya kukemewa. Wewe unalo damuni, na ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukuambia usimsikilize huyo anayetaka uache Kiswahili.

Sababu ya pili imo kwenye kisa chako cha usaili. Kwa Kiitaliano anayeongoza okestra ni "direttore", na anayeongoza uigizaji ni "regista". Kwa Kiingereza wa okestra ni "conductor", na "director" ni yule regista. Kisha ukisema "conduttore" kwa Kiitaliano, mtu anaona mtangazaji wa kipindi cha televisheni, ambaye Waingereza humwita "presenter". Maneno matatu yamebadilishana viti. Waliposikia "director" amevaa koti la mkia mbele ya okestra, walikuwa wakijiuliza mwongozaji wa uigizaji anafanya nini pale. Lakini wewe umezaliwa Malindi. Kwenye matatu anayechukua nauli ni kondakta. Kiswahili kilichukua neno hilo kutoka Kiingereza moja kwa moja, na Kiingereza kinatumia neno lile lile kwa mtu wa nauli na mtu wa okestra. Ukikwama, mkumbuke kondakta, umsahau "conduttore". Vivyo hivyo kamera: kwa Kiitaliano "camera" ni chumba, lakini kamera ya Kiswahili na ya Kiingereza ni kitu kimoja. Kwa maneno kama haya Kiswahili chako kimesimama upande wa Kiingereza, na Kiitaliano ndicho kinachokuvuta kando.

Kuna jingine. Waitaliano hutaabika sana na "play", kwa sababu wao wana "suonare" kwa ala, "giocare" kwa mchezo na "recitare" kwa uigizaji. Na sisi tunapiga kinanda, tunacheza mpira, tunaigiza mfalme. Kiingereza kinatupa vyote kwenye kapu la "play", na tamthilia yenyewe pia ni "a play". Lugha zako mbili zimekubaliana hapa. Ni Kiingereza kilicho peke yake. Mtu mwenye lugha moja huona jambo hilo ni ajabu, mwenye mbili huliona mara moja. Ongea na bibi yako kila Jumapili, na Jumatano pia ukipata nafasi.

Sasa tuje kwenye maneno ndumilakuwili, yale yanayovaa sura ya nyumbani na kufanya kazi nyingine ugenini. Sitakupa yote. Nakupa yatakayokugusa mikononi mwako.

"Prova" kwenu ni mazoezi, na pia ni mtu kujaribishwa nguo. Kiingereza kinatenganisha: mazoezi ni "rehearsal", kujaribisha nguo ni "fitting". Ukimwambia mwimbaji ana "rehearsal" na wewe saa nne, atakuja na karatasi za muziki badala ya kuja na viatu vyake. "Prova generale" ni "dress rehearsal", na hiyo inahusu kila kitu, taa na muziki pia, si magauni peke yake. "Replica" kwenu ni onyesho la kurudiwa; ukisema mlikuwa na "replica" ishirini, Mwingereza ataona silaha za bandia ishirini mezani kwa watu wa vifaa, maana nyuma ya jukwaa neno hilo mara nyingi ni bunduki au upanga wa kuigiza. "Esibizione" ni kutumbuiza, lakini "exhibition" ni maonyesho ya picha ukutani, yale mnayoyaita "mostra". "Assistere" ni kuhudhuria; "assist" ni kusaidia. Hili la mwisho lichunge sana kwenye wasifu wako, kwa sababu Mwitaliano aliyeketi kutazama opera kumi anaweza kuandika bila nia mbaya kwamba alisaidia kuziandaa. Na cheo chako usikitafsiri kwa kamusi. Kamusi itakupa mshona nguo. Kule wewe ni "dresser", neno ambalo majumbani ni kabati la vyombo, lakini ukumbini ni yule anayevalisha, na idara yako ni "wardrobe".

Kisa cha chupi ni cha jamii nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu hakuna anayewaonya wanafunzi Waitaliano. Italia imejaa maneno yenye sura ya Kiingereza ambayo Waingereza hawayatumii hivyo. "Slip" kwenu ni chupi. Kwao ni lile vazi jepesi la ndani ya gauni ambalo bibi yako analiita shimizi. "Smoking" kwenu ni suti ya sherehe. Ireland na Uingereza wanaiita "dinner jacket", Marekani "tuxedo", na ukisema "smoking" wataangalia kama kuna mtu anavuta sigara. "Golf" kwenu ni sweta, kwao ni mchezo wa kile kimpira kidogo cheupe. "Spot" kwenu ni tangazo la biashara la televisheni. Jukwaani kwao ni taa inayommulika mtu mmoja. Hata "fiction" ya televisheni ya Italia, yaani tamthilia za mfululizo, kwao ni hadithi ya kubuni ya aina yoyote, hasa ya vitabuni. Pitia kabati lako la kazi, shika kila vazi, ulitaje kwa Kiitaliano. Kila jina linalosikika kama Kiingereza liwekee shaka, ukalitafute kwenye duka la mavazi la Uingereza mtandaoni, utazame picha inayotokea. Picha haina uongo kwenye jambo hili. Nina hakika ukifanya hivyo jioni moja utapata faida kuliko mwezi wa orodha.

Yapo na yale ambayo Waingereza waliyachukua Italia wakayabadili. Mengi hayana madhara: aria, libretto, soprano, yanabaki yalivyo, ila matamshi yamepinda na unahitaji kuyasikia ili usiyapite kama wageni. Machache yamebadilika maana. "Tempo" kwao ni kasi, hasa ya muziki, haina uhusiano na saa wala hali ya hewa. "Concerto" kwenu ni tamasha lolote la muziki; kwao tamasha ni "concert", na "concerto" kwa kawaida ni utunzi wa ala moja na okestra. "Confetti" kwenu ni lozi zilizopakwa sukari. Kwao ni vikaratasi vya kurusha harusini, vile mnavyoviita "coriandoli". Mwongozaji akitaka "confetti" kwenye onyesho la harusi, usimwendee muuza peremende. Na usimtajie mtu wa vifaa "coriander", atakuletea giligilani.

Uchoraji na televisheni viache kwa sasa. Huendi huko.

Unakokwenda ni gizani, na kule kuna Kiingereza ambacho hata Mwingereza wa mtaani hakijui. Hapa ndipo ningetaka ukazanie. "Strike" uliyofundishwa ni kupiga, au mgomo wa wafanyakazi. Jukwaani ni kuondoa kitu. "Strike the cloak" maana yake joho litoke, lisionekane tena, usilipige vumbi. Kinyume chake ni "set", kukiweka kitu mahali pake, na "preset" ni kukiweka mapema kabla onyesho halijaanza. Kwa kazi yako maneno haya matatu yana thamani kuliko majina yote ya wachoraji. "Wings" ni pembeni mwa jukwaa, pale unaposimama wewe. "Flies" ni juu ya jukwaa zinakoning'inizwa mandhari. "House" ni upande wa watazamaji, na "house lights" ni taa zao. "Iron" litakuchanganya wewe kuliko wengine, kwa sababu chumbani kwenu ni pasi, lakini jukwaani ni lile pazia zito la kuzuia moto. Mtu akipaza sauti kwamba "iron" inashuka, toka chini yake kwanza, maswali baadaye. Na ukiambiwa mwimbaji "dried", usiende kutafuta maji ya kunywa wala nguo zilizoanikwa; amesahau maneno yake.

Kushoto na kulia ni kwa mtazamo wa msanii anayewatazama watazamaji. "Stage left" ni mkono wake wa kushoto, kwa hiyo aliyeketi ukumbini anauona kulia. Upande huo huitwa pia "prompt side", kwa sababu msimamizi aliketi hapo kidesturi, hata kama ukumbi fulani umemhamishia upande wa pili. "Upstage" ni mbali na watazamaji na "downstage" ni karibu nao, kwa kuwa majukwaa ya zamani yalijengwa na mteremko, nyuma juu na mbele chini. Viatu ukivipanga upande usio wake, muziki hausubiri.

Ukipewa vifaa vya masikioni vya mawasiliano, vinaitwa "cans", kuna neno moja usilitamke hovyo: "go". Msimamizi anayeita onyesho husema "stand by", anayehusika hujibu kwamba yuko tayari, kisha husikia "go" na hapo hapo taa inabadilika au mandhari inashuka. Ukisema kwenye kifaa hicho kwamba unataka "to go" chooni, unaweza kuzima jua la jukwaa zima. Sema unatoka, sema unarudi, neno hilo mwachie mwenye nalo.

Sasa utajifunzaje haya kwa wiki sita? Chukua opera unayoijua kwa moyo, uliyowahi kuivalisha msimu mzima. Ile karatasi yako ya mabadilisho ya nguo iandike upya kwa Kiingereza kwa mkono wako, badiliko moja sentensi moja. Mathalani: "End of scene two, stage left. Strike cloak and belt. Slip and nightgown preset on chair. Two minutes." Sarufi isikutoe jasho, karatasi za aina hiyo huandikwa hivyo hivyo kwa mkato. Kisha mpe mdogo wako asome kwa sauti, wewe ufanye kwa mikono, na nguo halisi, taa zikiwa zimezimwa. Mdogo wako alikuwa akikuhoji umeketi kitini. Ndiyo sababu ulikuwa hukosei. Mikono yako ndiyo inayopaswa kuelewa kabla kichwa hakijatafsiri. Akibadilisha ghafla, aseme "stage right" badala ya "left", ndipo utajua umefika wapi.

Na masikio yako yanahitaji mazoezi ya peke yake. Umekulia nchi ambako filamu za kigeni huingizwa sauti za Kiitaliano. Desturi hiyo ina mizizi kwenye miaka ya 1930, serikali ya Mussolini ilipopiga marufuku mazungumzo ya kigeni kwenye filamu zinazoonyeshwa, na kazi ya waingiza sauti ikakomaa mpaka ikawa sanaa inayoheshimiwa. Wameifanya vizuri mno, lakini imemnyima Mwitaliano wa kawaida saa nyingi za kusikia Kiingereza ambazo Mholanzi au Mreno amezipata bila jitihada. Chagua filamu ambazo umeshaziona kwa Kiitaliano, zitazame kwa sauti zake za asili, na maandishi ya chini yawe ya Kiingereza. Maandishi ya Kiitaliano yafunge. Hadithi unaijua, hutapotea. Tafuta pia video zilizorekodiwa nyuma ya jukwaa kwenye kumbi za Uingereza na Ireland, zile ambazo unasikia msimamizi akiita onyesho. Sikiliza huku ukishona.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa. Waambie. Waambie mapema, bila kuomba radhi. Wamekuajiri kwa mikono yako, na walikusikia kwenye video. Hawakudhani umezaliwa Dublin. Tena umebahatika kwamba ukumbi ni mahali ambapo kurudia agizo ni adabu ya kazi. Msimamizi akitangaza muda, watu hujibu "thank you" ili ajue wamesikia. Akisema "stand by", hujibiwa. Kwa hiyo ukiambiwa jambo, lirudie kwa sauti ya chini kabla ya kulifanya: "Strike the cloak, stage left, yes." Hakuna atakayekuona mjinga, na kama ulisikia vibaya utasahihishwa pale pale, kabla mwimbaji hajatoka na mgongo wazi. Yule aliyekukemea mbele za watu alipaswa kukueleza utaratibu wao siku ya kwanza, maana ninyi ndio mliokuwa wenyeji na yeye ndiye aliyekuja na hesabu ngeni.

Jambo moja la mila. Huko kwenu rangi ya zambarau haiingii ukumbini, watu wanaikumbuka Kwaresima, wakati maonyesho yalipokuwa yakizuiwa na mapadri wakivaa rangi hiyo. Usishangae mbunifu wa kule akikupa joho la zambarau ulipige pasi. Nao wana miiko yao: wengi hawapendi mtu apige mluzi nyuma ya jukwaa. Na kukutakia heri watakwambia uvunjike mguu, kama ninyi mnavyotakiana kuingia mdomoni mwa mbwa mwitu. Jibu ni "thank you" tu, si "crepi" mnayojibizana huko kwenu.

Andika barua pepe fupi kwa mkuu wa maleba wa Ireland. Mwambie Kiitaliano ndiyo lugha uliyofanyia kazi na kwamba unajiandaa. Mwombe vitu vitatu: karatasi ya mabadilisho ya nguo ya onyesho la kwanza, mchoro wa jukwaa unaoonyesha meza zako zitakaa upande gani, na saa watakazotangaza miito. Vyote hivyo wanavyo, au watakuwa navyo muda si mrefu, na hakuna mkuu wa maleba anayekasirika mtu akiviomba kabla ya kufika. Andika wiki hii. Mazoezi yakishaanza atakuwa na sindano mdomoni na hatajibu mtu.